Sehemu tatu za trilobaiti si kichwa, kifua na mkia

Mezani kwa wakusanyaji wa mawe hapa Arusha, kila kisukuku chenye mistari siku hizi kinaitwa trilobaiti. Ukimuuliza mwenyewe amejuaje, jibu ni lile lile: "Si unaona? Kichwa, kifua, mkia. Sehemu tatu, ndiyo maana ya jina." Limerudiwa mno hadi linasikika kama kweli.

Trilobaiti ni mnyama wa baharini wa kundi la athropoda, ndugu wa mbali wa kaa na nge. Alitokea karibu miaka milioni 521 iliyopita, akatoweka kabisa miaka milioni 252 iliyopita. Spishi zilizokwisha kuelezwa zinazidi 20,000. Shida haiko hapo.

Shida iko kwenye hiyo tatu. Jina alilitoa Mjerumani Johann Ernst Immanuel Walch mwaka 1771, na mapande matatu yanayotajwa humo yanakwenda kwa urefu, kutoka kichwani hadi mkiani. Mwangalie kama mtu aliyelala kifudifudi: katikati uti wa mgongo ulioinuka, kulia ubavu, kushoto ubavu. Kati ya mgongo na kila ubavu pana mfereji. Mifereji hiyo miwili ndiyo inayomgawa mara tatu.

Ni kweli ana kichwa, kiwiliwili cha pingili na ngao ya mkia. Lakini huo ni mgawanyo mwingine, wa kukata kwa upana, na haumtofautishi na wenzake. Panzi wa darasani tulifundishwa kuwa ana kichwa, kifua na tumbo. Nadhani kosa lilianzia hapo, mtu akaona "tatu" akarudi kwa panzi wake. Kwa hesabu hiyo hata panzi ni trilobaiti.

Jaribio zuri ni vipande. Trilobaiti alikuwa akijivua ganda kila alipokua, kwa hiyo visukuku vingi ni maganda yaliyoachwa, mara nyingi yakiwa yamevunjika. Chukua ngao ya mkia peke yake: bado utaona mgongo katikati na mbavu mbili. Chukua kichwa peke yake: kuna uvimbe katikati na mashavu mawili. Kama tatu ingekuwa kichwa, kifua na mkia, kipande kimoja kingebaki na moja tu. Mapande ya Walch yanabaki yote matatu.

Kwa hiyo unaposhika jiwe, acha kuhesabu mistari ya kukatisha. Pingili zinaweza kuwa mbili tu, kama kwa baadhi ya agnostida, kundi la trilobaiti wadogo sana, au nyingi sana. Washa tochi ya simu, ilaze ubavuni mwa jiwe, utafute vivuli viwili vinavyoshuka kwa urefu. Kitoni, mnyama wa baharini mwenye vigae vinane mgongoni, amewapoteza wengi kwa sababu ya mistari yake, lakini mifereji hiyo miwili hana. Wapo trilobaiti walio laini mno, kama Bumastus, ambao mifereji yao haionekani vizuri. Hao wanataka jicho lililozoea, na mwanzoni si aibu kuandika "huenda".

Kuna na suala la asili. Kilimanjaro na Meru ni volkano changa sana kuliko trilobaiti wa mwisho. Visukuku vya Olduvai ni vya miaka kama milioni mbili. Mawe ya Mirerani yalipikwa kwa joto na mgandamizo kabla trilobaiti wa kwanza hajatokea. Trilobaiti aliye kabatini Arusha au Moshi amesafiri, na wengi wanaouzwa duniani wanatoka Moroko, maeneo ya Alnif na Erfoud. Huko huko hutengenezwa pia wa bandia wa resini: tazama vitundu vidogo vya hewa, na shaka ikuingie kama jiwe zima halina hata ufa mmoja, kwa kuwa wa kweli hupatikana kwa kupasua mwamba na kuunganisha vipande kwa gundi.

Ndugu yangu wa Moshi mwenye lebo ya "trilobaiti mzima, Kilimanjaro", kisukuku chako ni kizuri na mifereji yote miwili ipo. Ila hiyo ni ngao ya mkia tu. Andika "mkia wa trilobaiti", na penye mahali andika nchi aliyokutajia muuzaji.