Mwigizaji wa filamu: yanayosemwa na yaliyo kweli

"Lupita alibahatika tu. Filamu moja, Oscar mkononi."
Kauli hii inaniudhi, maana inafuta jasho la miaka. Ni kweli kwamba 12 Years a Slave ndiyo iliyokuwa filamu yake kubwa ya kwanza kama mwigizaji, na Oscar, tuzo kubwa ya filamu ya Marekani, akaipokea Machi 2014. Lakini kabla ya hapo Lupita Nyong'o alikwishafanya kazi nyuma ya kamera, akiwa msaidizi wa utayarishaji wa The Constant Gardener, iliyopigwa Kenya. Alicheza kwenye tamthilia ya Shuga, akaongoza filamu yake mwenyewe kuhusu watu wenye ualbino, kisha akaenda kusomea uigizaji Chuo Kikuu cha Yale. Bahati ilimkuta kazini.

"Kuigiza ni kukariri maneno tu."
Kukariri ndiyo sehemu nyepesi. Filamu haipigwi kwa mfuatano wa hadithi. Maonyesho yote ya nyumba moja hupigwa pamoja ili kuokoa muda na fedha, kwa hiyo mwigizaji anaweza kumlilia mumewe aliyekufa asubuhi, na mchana akapiga onyesho la siku walipokutana. Lazima ajue, kila kamera inapowashwa, mhusika wake amefika wapi na bado hajui nini.

Halafu kuna kurudia. Onyesho la watu wawili mezani hupigwa kwanza kwa mbali, kisha kamera inasogezwa kwenye uso wa mmoja, kisha wa mwenzake. Ikiwa mara ya kwanza alinyanyua kikombe kwa mkono wa kulia aliposema "sirudi tena", atakinyanyua kwa mkono uleule, kwenye neno lilelile, kila mara. Akikosea, mhariri hataweza kuunganisha vipande. Sakafuni kuna alama ya utepe anayopaswa kusimama juu yake bila kuitazama. Akiipita kidogo tu, uso unaonekana kwa ukungu kwenye picha. Yote hayo ayafanye huku tukiamini kwamba moyo unamvunjika sasa hivi.

"Machozi yote ni ya uongo."
Mengine husaidiwa na dawa ya mentholi inayopakwa chini ya macho, mengine ni yake kabisa. Wala si kipimo cha uwezo: mara nyingi anayejizuia kulia ndiye anayetutoa machozi sisi watazamaji.

"Waigizaji ni matajiri."
Tunaowaona kwenye mabango ni wachache mno. Hata Marekani, wengi wa wanachama wa SAG-AFTRA, chama cha waigizaji, hawafikishi kipato cha mwaka kinachohitajika ili kupata bima ya afya ya chama. Mwaka 2023 kiwango hicho kilikuwa takriban dola 26,000. Mwaka huohuo waligoma kwa siku 118. Walidai, pamoja na mengine, malipo ya haki kazi zao zinaporudiwa kuonyeshwa mtandaoni, na ulinzi dhidi ya kunakiliwa sura na sauti zao kwa akili bandia. Mwigizaji anaishi kwa mkataba mmoja hadi mwingine, na katikati yake ni usaili ambao mara nyingi hujibiwa kwa ukimya.

"Asiyetoka akiwa kijana ameshapitwa."
Morgan Freeman alikaribia miaka 50 ndipo sinema ikamtambua. Oscar aliipata 2005. Ke Huy Quan alifahamika akiwa mtoto mwaka 1984, kisha majukumu yakakauka. Akasomea filamu, akafanya kazi nyuma ya kamera, ikiwemo kupanga mapigano, na kukaa nje ya uigizaji kwa takriban miaka 20. Aliporejea akapiga Everything Everywhere All at Once, kisha, filamu ikisubiri kutoka, akakosa kazi tena hadi bima yake ya afya ikakatika. Oscar kwa filamu hiyo ilikuja Machi 2023, akiwa na miaka 51.