Diski nne, na kwa nini sikuweka RAID 5

Mteja wangu mmoja ana duka la jumla la vifaa vya ujenzi Kariakoo. Kabla hajaniita alikuwa keshanunua seva yenye diski 4 za terabaiti 4, na swali lake lilikuwa moja tu: "Fundi, nitapata nafasi kiasi gani?"

Inategemea RAID, yaani namna ya kuunganisha diski kadhaa ili moja ikifa data isipotee; namba inataja aina yake. RAID 5 ingempa terabaiti 12, RAID 10 ingempa 8. Akataka 12, na nani asingetaka? Nikafungua kanzidata yake ya ankara na stoo, ya miaka yote: haifiki gigabaiti 40. Angeniita mapema ningemwambia anunue SSD 2 (diski za kielektroniki, zenye kasi), tuweke RAID 1 (moja nakala ya nyingine), yaishe. Lakini mzigo ulishafika.

Shida ya RAID 5 ni uandishi mdogo mdogo. Ukibadilisha mstari mmoja wa ankara, mfumo husoma data ya zamani, husoma pariti ya zamani (ile hesabu inayofufua data diski ikifa), kisha huandika zote mbili upya. Safari nne. RAID 10 hupanga diski jozi jozi, kila moja na pacha anayebeba nakala yake; huandika kwenye diski na kwa pacha wake, basi. Kanzidata inayodonolewa kutwa nzima na makarani inaisikia tofauti hiyo.

Kinachonitisha zaidi ni siku diski inapokufa. RAID 5 italazimika kusoma diski 3 zilizobaki mwanzo hadi mwisho, terabaiti 12. Diski nyingi za bei nafuu, karatasi ya mtengenezaji inaruhusu kosa moja la kusoma kwa takriban kila terabaiti 12.5. Hicho ni kikomo, si utabiri, na nyingi hufanya vizuri zaidi. Ila mimi sichezi hapo. Nikaweka RAID 10: diski ikifa, inanakili pacha mmoja tu. Kwa megabaiti 150 kwa sekunde ni kama saa saba na nusu, usiku mmoja, mradi hakuna anayeitumia seva.

Mdogo wake mteja, anayesoma IT, akauliza, "Na RAID 6, kaka?" Swali zuri. Nafasi ni ile ile 8, na inahimili kufa kwa diski 2 zozote, wakati RAID 10 inakwisha wakifa mapacha wawili wa jozi moja. Bei yake ni safari sita kwa kila uandishi mdogo. Ingekuwa seva ya kamera za ulinzi ningeiweka bila kusita.

Kontrola ya seva (kadi inayosimamia diski) haikuwa na betri, kwa hiyo nikazima kashe ya kuandika, ile kumbukumbu inayoshikilia data kwa muda kabla haijafika kwenye diski; umeme ukikatika katikati ya ankara, UPS peke yake siiamini.

Bakapu ni habari nyingine. Karani akifuta ankara, RAID inaifuta kwenye diski zote kwa utiifu kabisa. Tumeweka diski 2 za nje zinazopokezana kila jioni. Moja hulala nyumbani kwa bosi. Na diski ya tano, modeli ile ile, iko kabatini imeandikwa "USIUZE".