Amaro haisagi chakula tumboni

Waitalia wakishashiba mlo mzito huletewa glasi ndogo ya amaro, kileo kichungu cha mitishamba, eti kisaidie tumbo kusaga chakula. Imani hiyo ina umri: Fernet-Branca, amaro iliyoanza Milan mwaka 1845, iliuzwa kama dawa. Sisi wenye mwarobaini hatuna cha kuwacheka.

Uchungu kweli huamsha mate. Tatizo ni pombe. Fernet ina asilimia 39. Mwaka 2010 watafiti wa Zurich waliwalisha watu 20 jibini ya kuyeyushwa, kwa divai nyeupe au chai ya rangi, kisha wakawapa pombe kali ya cheri au maji. Pombe ilivyozidi, ndivyo chakula kilivyokawia kutoka tumboni.

Basi amaro inywewe kwa ladha yake. Kwa kokteli ya Black Manhattan, weka vipimo viwili vya wiski ya nafaka ya rai, kimoja cha Averna, amaro ya Sicily, na matone mawili ya bitazi, dondoo chungu la mitishamba. Koroga na barafu, usitikise, kisha chuja. Kwanza utasikia utamu wa karameli na ganda la chungwa. Uchungu huja mwisho, taratibu, nyuma ya ulimi.