Nafasi kabla ya alama ya kuuliza: Kifaransa si Kiswahili

« Unaumwa wapi ? » Maneno ni ya Kiswahili, alama ni za Kifaransa. Sentensi za namna hii zimejaa katika fomu na vipeperushi vilivyotafsiriwa kutoka Kifaransa, hasa Congo na Burundi.

Wachapaji wa Ufaransa hutanguliza nafasi nyembamba kabla ya nukta mkato, alama ya mshangao na ya kuuliza. Kabla ya nukta pacha huweka nafasi kamili, na alama za kunukuu « » huachiwa nafasi kwa ndani. Quebec, jimbo la Kanada lenye lugha ile ile, kwa kawaida hubakiza nafasi ya nukta pacha na ya « » tu. Kiswahili hakiweki nafasi ndani ya alama za kunukuu, wala kabla ya alama nyingine kati ya hizo. Huweka moja baada yake, basi.

Nafasi ya Kifaransa lazima iwe isiyokatika: kwenye Word ni Ctrl+Shift na kitufe cha nafasi. Ukitumia ya kawaida, neno likifika ukingoni, alama ya kuuliza huangukia peke yake mwanzoni mwa mstari unaofuata.

Word ikidhani aya ni ya Kifaransa, hujiongezea nafasi hizo yenyewe. Kuzifuta moja moja ni kazi bure. Bonyeza Ctrl+A, weka lugha ya kusahihishia iwe Kiswahili, kisha Ctrl+H: tafuta ^s? (^s ndiyo nafasi isiyokatika) na uweke ? badala yake. Rudia kwa alama nyingine. Usifute ^s yenyewe kila mahali, kwani huenda ndiyo inayoshikilia 25 na kg katika mstari mmoja.

Kwenye tarakimu kosa ni ghali zaidi. Mfaransa huandika 1 500,75, Mjerumani 1.500,75, sisi 1,500.75. Mkutano Mkuu wa Vipimo na Mizani uliamua mwaka 1948, ukarudia 2003, kwamba kati ya makundi ya tarakimu tatu isiwekwe nukta wala mkato. Wahasibu hawakubadilika. Ukinakili jedwali la Kifaransa kwenye Excel iliyowekwa Kiingereza, tarakimu zenye nafasi isiyokatika husomwa kama maandishi, na SUM, fomula ya kujumlisha, huziruka bila onyo lolote. Utazitambua kwa kuegemea kushoto mwa kisanduku. Geuza kwanza mkato uwe nukta, halafu nakili nafasi yenyewe kutoka kwenye kisanduku, ibandike kwenye Ctrl+H na uiondoe.