Yosemite kwenye picha za kale: dhana potofu na ukweli

Dhana: Wapigapicha wa karne ya 19 walikuta nyika ambayo haijawahi kukaliwa.

Hii ndiyo iliyoota mizizi kuliko zote. Ukitazama picha alizopiga Carleton Watkins katika bonde la Yosemite, California, Marekani, mwaka 1861, utaona majabali, maji yaliyotulia na miti mirefu. Mtu huoni. Miaka 10 tu nyuma yake, kikosi cha wanamgambo kiitwacho Mariposa Battalion kilikuwa kimeingia bonde hilohilo kuwafurusha wenyeji wake, Waahwahneechee, kikateketeza vijiji na akiba yao ya chakula. Baadhi yao walirudi, wakaishi humo hata watalii walipoanza kumiminika, wengine wakifanya vibarua hotelini.

Zile mbuga za majani zilizowafanya wageni waseme bonde ni kama bustani? Wenyeji ndio waliokuwa wakizichoma makusudi, vichaka visizibe na mialoni izae vizuri. Uchomaji huo ulipokomeshwa, misonobari ikaanza kuvamia. Wala si kwamba kamera haikuweza kuwaonyesha watu: Eadweard Muybridge alipokwenda 1872 aliwapiga picha.

Dhana: Basi angalau mandhari yenyewe imeonyeshwa ilivyokuwa.

Si hasa. Kemikali za wakati huo ziliidaka mno rangi ya buluu, hivyo anga likatoka jeupe, bila mawingu. Muybridge alikuwa akiazima mawingu kwenye picha nyingine na kuyapachika. Maporomoko nayo yalitoka kama ukungu, kwa kuwa lenzi iliachwa wazi kwa muda mrefu. Kamera kubwa ya Watkins ilitumia vioo vya kunasia picha vya takriban sentimita 46 kwa 56. Kila kioo kilipakwa dawa, kikapigwa picha na kusafishwa kabla hakijakauka, ndani ya hema la giza lililobebwa na nyumbu, yaani chotara wa punda na farasi. Mwenye mzigo huo hapigi ovyo. Anachagua, na kuchagua ni pamoja na kuacha.

Dhana: Rais Lincoln wa Marekani aliona picha hizo, akaguswa, akalihifadhi bonde.

Kisa kitamu, ila kinawaruka wafanyabiashara. Februari 1864 Israel Ward Raymond, wakala wa kampuni ya meli za abiria, alimwandikia Seneta John Conness na kumpelekea picha za bonde. Conness akawatuliza wenzake kwamba ardhi yenyewe haina faida kwa matumizi mengine ya umma. Lincoln alitia saini sheria ya kulihifadhi bonde tarehe 30 Juni 1864. Picha zilichangia, sikatai, lakini aliyezipeleka aliuza tiketi. Yellowstone, eneo jingine la Marekani, ilikuwa vilevile: William Henry Jackson aliipiga picha 1871, na pendekezo la kuitenga likatoka ofisi ya Jay Cooke, mfadhili wa reli ya Northern Pacific. Hifadhi ikatangazwa Machi 1872.

Dhana: Watkins alitajirika.

Katikati ya miaka ya 1870 wadai walimnyang'anya studio pamoja na vioo vyake. Mpigapicha mwingine, Isaiah Taber, akauza picha za vioo hivyo kwa jina lake mwenyewe, na Watkins akalazimika kurudi kupiga upya sehemu zilezile. Mkusanyo wake uliobaki uliungua katika moto wa San Francisco wa 1906. Kwa hiyo ukikuta picha ya zamani ya Yosemite yenye jina la Taber, usiwe na haraka ya kumsifu.