Dawa ndani ya jani: gharama iko wapi?

Mmea hauundi kingamwili, yaani protini ambazo mwili wetu hutumia kuvinasa vimelea, kwa asili yake, kwa kuwa hujilinda dhidi ya vimelea kwa njia nyingine kabisa. Hata hivyo, seli zake zina kila kinachohitajika ili kuunganisha protini ngumu na kuikunja ipate umbo lake sahihi. Mwaka 1989 watafiti wa Marekani walilithibitisha jambo hilo walipoonyesha kwamba tumbaku iliyopandikizwa jeni za kingamwili huunda kingamwili kamili inayofanya kazi. Tangu wakati huo fani yetu ya kuzalisha dawa ndani ya mimea imebeba ahadi moja iliyorudiwa mno: kwamba dawa za magonjwa ya kuambukiza zitashuka bei kwa sababu zitalimwa. Ninaiamini kazi hii kwa moyo wote, lakini ahadi hiyo ikielezwa hivyo huficha mahali gharama ilipo.

Njia mojawapo ya kuufanya mmea uunde dawa ni kuingiza jeni ngeni katika vinasaba vya mmea ili irithiwe kizazi hadi kizazi kupitia mbegu. Njia nyingine, ambayo hupendelewa pale mlipuko wa ugonjwa unapodai haraka, haigusi mbegu hata kidogo. Hutumika mmea uitwao Nicotiana benthamiana, ndugu wa tumbaku mwenye asili ya Australia, ambaye kinga yake dhidi ya virusi ni dhaifu na kwa hiyo hupokea jeni ngeni bila ukinzani mkubwa. Mimea yenye umri wa wiki kadhaa hupinduliwa, majani yake yakazamishwa katika maji yenye bakteria wa aina ya Agrobacterium waliobebeshwa jeni inayotakiwa, kisha hewa hufyonzwa kutoka katika chombo. Hewa inaporudishwa kwa ghafla, maji hupenya na kujaa katika nafasi zilizo kati ya seli, na jani hukoza rangi na kupitisha mwanga kama karatasi iliyolowa mafuta. Bakteria huihamishia jeni hiyo ndani ya seli, na baada ya takriban wiki moja majani huvunwa.

Hivyo ndivyo ilivyotengenezwa ZMapp, mchanganyiko wa kingamwili tatu dhidi ya Ebola, huko Kentucky, Marekani. Mwezi Agosti 2014 akiba yake ndogo iliisha wakati mlipuko wa Afrika Magharibi ukiwa bado unapanda, na ukitazama kipimo chake utaelewa sababu. Mgonjwa alipewa miligramu 50 kwa kila kilo ya uzito wake, mara tatu. Kwa hiyo mtu mwenye kilo 60 alihitaji gramu 9 za kingamwili safi, kiasi ambacho ni kikubwa kwa kiwanda chochote cha protini, kiwe cha majani au cha seli za wanyama. Katika jaribio la kwanza, kati ya wagonjwa 36 waliopewa ZMapp pamoja na matibabu ya kawaida walifariki 8, na kati ya 35 waliopata matibabu ya kawaida pekee walifariki 13. Ilikuwa dalili njema, lakini idadi hiyo haikutosha kutoa hukumu. Jaribio lililoanza Novemba 2018 katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ndilo lililokata shauri: karibu nusu ya waliopewa ZMapp walifariki, ilhali kwa dawa mbili nyingine za kingamwili, zilizozalishwa katika seli za wanyama, vifo vilikaribia theluthi moja.

Wapo waliohitimisha kwamba mimea imeshindwa, nami sikubaliani nao. Seli ya mmea huunda kingamwili iliyoagizwa. Kilichopitwa, kwa maoni yangu, ni uteuzi wa kingamwili zenyewe. Hata tatizo la sukari ambazo mmea huzibandika kwenye protini, zisizofanana na za binadamu, lilikuwa limeshughulikiwa, kwa kuwa ZMapp ilitoka katika mimea iliyozimwa vimeng'enya vinavyobandika sukari hizo.

Ugumu halisi huanza baada ya mavuno. Jani likisagwa, rojo lake la kijani hugeuka kahawia upesi kwa sababu fenoli zake, kemikali za asili za mmea, hukutana na hewa, na sehemu kubwa ya protini iliyomo ni rubisko, kimeng'enya cha usanisinuru ambacho mgonjwa hakihitaji. Kuitenga kingamwili kutoka humo hadi ifae kudungwa mshipani hudai machujio, safu za kunasia protini, vyumba visivyo na vijidudu na vipimo vilevile vinavyotumika kwa seli za wanyama. Faida tunayo, kwani virusi vya mimea haviambukizi binadamu, lakini kulima ndiyo sehemu nafuu ya kazi.

Kwa sababu hiyo matumaini yangu makubwa yako kwenye dawa zinazomezwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Tokyo wamebadilisha mpunga ili punje zake zibebe kipande kisicho na madhara cha sumu ya kipindupindu, kitumike kama chanjo. Punje husagwa, unga ukakorogwa na kunywewa, na protini iliyohifadhiwa ndani ya punje hudumu zaidi ya mwaka bila jokofu. Katika jaribio la awali kwa watu, chanjo hiyo ilionekana salama na iliamsha kingamwili kwa wengi, ingawa si kwa wote. Hapa hatua zile ghali za usafishaji hupungua sana.

Hatari nayo huongezeka, kwani punje ya dawa hufanana na punje ya chakula. Mwaka 2002 huko Nebraska, Marekani, mahindi yaliyobadilishwa kwa ajili ya dawa yalijiotea katika shamba la soya msimu uliofuata, na busheli (kipimo cha nafaka cha Marekani) zipatazo 500,000 za soya zikazuiwa zisifike sokoni kwa sababu zilikuwa zimechanganyika nayo. Mpunga wa Tokyo hulimwa ndani ya jengo lililofungwa, bila udongo, nami naona huo ndio utaratibu wa kufuatwa. Kwa dawa za sindano hatuna sababu ya kugusa zao la chakula, maadamu yupo ndugu wa tumbaku asiyeliwa na mtu. Kwa dawa za kumezwa, ambazo hulazimu mmea unaolika, sharti la jengo lililofungwa liandikwe katika kibali tangu jaribio la kwanza, kabla mbegu moja haijatoka maabara.