Kabla ya barua, muulize somo

Msimu wa korosho ndio unaonipa kazi kubwa kuliko wakati wowote. Oktoba ikiingia, wazazi wengi huku Newala, mkoani Mtwara, wanahamia mashambani, wengine wanalala hukohuko. Watoto wanabaki na bibi, au na kaka wa miaka 12 anayewapikia wadogo zake.

Mimi ni afisa ustawi wa jamii. Msimu mmoja somo, yaani mwanamke aliyemfunda binti fulani unyagoni, aliniita pembeni. "Shati lake linanuka mabibo, yale matunda ya mkorosho, tangu Jumatatu," akasema. "Hayo mabibo ndiyo chakula chake cha jioni." Siku hiyo ilikuwa Ijumaa. Hakuna fomu yangu yoyote ambayo ingenusa shati lile.

Nilitaka kuwaandikia wazazi barua ya wito. Somo akanizuia: baba akiitwa kwa barua, fimbo itamwangukia mtoto. Tukaenda kwa njomba, yaani mjomba wake, maana kwa Wamakonde wengi mtoto ni wa ukoo wa mama, na neno la mjomba lina uzito. Tukakaa mkekani, mama akaitwa kutoka shambani. Jioni ile binti akahamia kwa mama yake mkubwa, na mimi nikaendelea kumtembelea hadi msimu ukaisha.

Kamati za ulinzi wa wanawake na watoto zilizokuja na MTAKUWWA, mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, wa 2017/18 hadi 2021/22 zinatakiwa kuwepo hadi kijijini. Nilikofanya kazi, walipokaa akina somo na wajomba ndani ya kamati, taarifa ilinifikia mapema. Wasipokuwemo, nilipewa mtoto ameshaumia.

Ila kikao cha ukoo kina mpaka, na hapo sibembelezi mtu. Mtoto akibakwa au akijeruhiwa, hakuna faini wala mbuzi. Nimemwona njomba akipokea pesa ili "yaishe nyumbani", na mtoto akaacha kabisa kuongea. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka kila mwenye taarifa aifikishe serikali ya mtaa au kijiji. Mtoto aliyebakwa apelekwe hospitali kabla ya saa 72, kwa sababu baada ya hapo dawa za kuzuia maambukizi ya VVU hazimsaidii tena. Dawati la jinsia na watoto lipo polisi, na namba 116 ya msaada kwa watoto inapigwa bure.

Mwaka huu somo yule amenitafuta kabla korosho hazijaanza kudondoka. Amenitajia nyumba nne ambazo wazazi watalala shambani. Tatu nimeshazipitia, ya nne naenda kesho asubuhi.